Neno la Siri la Akaunti Isiyo na Mtu

Jumamosi ile nilikuwa peke yangu ofisini, Landover, nikihangaika na hitilafu ndogo. Programu yetu ya ratiba ilikwama na kutoa ujumbe nisiouelewa. Nikaunakili na kuutafuta mtandaoni, kama tunavyofanya sote tunaojiita mafundi. Jibu la kwanza lilikuja kwa Kiswahili. Nikacheka, maana jambo hilo halijawahi kunitokea Marekani. Nikaufungua ukurasa. Ilikuwa programu yetu wenyewe, yote, imebandikwa kwenye ukurasa ambao mtu yeyote duniani angeweza kuusoma, na katikati yake lilikuwamo neno letu la siri.

Tulikuwa ofisi ndogo ya kupeleka wahudumu majumbani kwa wazee. Bosi wetu, mama wa Kikenya asiyependa maneno mengi, alikuwa ameichoka kompyuta kubwa iliyonguruma stoo, akaamua tukodi nafasi kwenye kompyuta za watu huko mtandaoni, kitu ambacho watu walikuwa wameanza kukiita wingu. Programu zetu ziliingia huko kwa akaunti moja ambayo haikuwa ya mtu. Akaunti ya namna hiyo haina sura. Anayelijua neno lake la siri huingia, awe mimi, iwe programu, awe mwizi. Aliyetujengea mfumo kabla sijaajiriwa alilichomeka neno hilo hilo moja ndani ya kila programu, na nilipolalamika niliambiwa mbona kazi zinakwenda.

Nyuma ya neno lile kulikuwa na majina ya wazee, anwani zao, dawa zao na namba za visanduku vya mlangoni. Mzee asiyeweza kuinuka kumfungulia mtu hufungiwa kisanduku kwenye kitasa, ufunguo wa nyumba ukiwa ndani, na mhudumu hubonyeza namba akautoa. Anayeishi peke yake tulikuwa tumemwandika hivyo hivyo, kwamba anaishi peke yake. Nilikaa pale nikiwaza jinsi tulivyomrahisishia kazi mtu mbaya.

Nikampigia mwenzangu. Tulikuwa wawili tu katika kazi za kompyuta, mimi Mtanzania na yeye Mkongo wa Bukavu, mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Alikuja moja kwa moja kutoka mazoezi ya kwaya, bado kavaa joho. Nilimwonyesha ukurasa, naye akaitambua kazi yake. Alikwama siku moja, miezi mingi nyuma, kabla ya theluji kuanza, akaomba msaada kwenye jukwaa la waandishi wa programu wanaozungumza Kiswahili. Sikushangaa. Sisi tukikwama hatuwapigii watu wa kampuni inayotukodisha mitambo, tunawaita ndugu. Na ndugu walikuwa wamemjibu vizuri, kutoka Dar, Nairobi na Goma, pole kwa kazi, jaribu hivi.

"Na neno la siri uliliacha humo?" nikamuuliza.

"Yaya, mi nilisema ni Kiswahili tu. Donc, basi nani atasoma? Bazungu habajue Kiswahili," akasema kwa Kiswahili cha kwao, akiniita yaya, yaani ndugu mkubwa, ingawa ni yeye aliyenizidi umri.

Nilitamani kumfinya. Halafu nikaona jasho linavyomtiririka, na hasira ikanitoka ikabaki hofu tupu. Alikuwa ameamini kwamba lugha yetu ni ukuta. Hata mimi kwenye basi husema mambo yangu yote kwa sauti, nikijua hakuna anayenielewa. Lakini lile neno la siri halikuwa la lugha yoyote; mwizi hakuhitaji Kiswahili kulinakili.

Bosi alipopokea simu, nilimweleza kwamba nikilifuta neno lile kila kitu kitazimika, na kesho asubuhi hakuna mhudumu atakayejua aende nyumba gani.

"Wewe idelete," akasema. "Ratiba tutawapigia mmoja mmoja, hata kama ni mpaka tukauke koo. Hao wazee ni wangu."

Nililifuta. Programu zikaanza kufa moja baada ya nyingine mbele ya macho yetu, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kuona kazi yangu ikivunjika. Kisha mwenzangu akaniuliza swali nililokuwa nikilikwepa, kama tunaweza kujua nani aliingia miezi yote ile. Hatukuweza. Kuna daftari ambalo mitambo ile hujiandikia yenyewe nani kafika na kachukua nini, lakini lazima uliwashe, na hakuna aliyewahi kuliwasha. Mwizi ambaye hakuja na mwizi aliyekuja akaondoka, kwetu walionekana sawa.

Zilibaki zile namba za milangoni, ambazo huwezi kuzifuta ukiwa umekaa kitini. Bosi alizipigia familia za wazee, kila moja ikabadilishe namba yake leo hii. Bibi mmoja wa Oxon Hill hakuwa na mtu wa karibu. Alikuwa mwalimu mstaafu, macho yamekwisha, miguu haimbebi, na mhudumu wake huondoka mchana. Tulimpigia, simu haikupokelewa. Tukapiga tena, ikalia mpaka ikakatika.

Tuliondoka na gari la mwenzangu. Barabara kuu inayouzunguka mji ilikuwa imejaa magari ya watu waendao dukani, wote hawana haraka, na mimi nilikuwa nikiomba Mungu kwa sauti bila kuona haya. Tulipofika, kisanduku kilikuwa mahali pake, kimefungwa. Tulibisha, kimya. Tukabisha kwa nguvu zaidi. Nikabonyeza namba aliyotupa bosi, nikatoa ufunguo na kusukuma mlango. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya supu, na redio ikihubiri kwa sauti kubwa.

"Pita, mwanangu, niko huku chumbani," bibi akaita, kwa furaha kabisa. "Kuna biskuti hapo mezani, chukua."

Hakuuliza sisi ni nani.