Fundi Aliyeijua Presha Moja

Mtaa mzima ulimwita Fundi Presha, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hakukasirika. Ukimwita kwako kwa sababu koki inavuja, kabla hujamwonyesha pa kukaa ameshakuuliza presha ikoje, na kuna wazee waliowahi kuanza kumweleza habari za mioyo yao. Aliwasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza mita ya maji iko wapi.

Mkewe alikuwa mwalimu wa Kiingereza, sasa amestaafu, na neno hilo alilijua kwa marefu na mapana. Enzi za kufundisha alikuwa na mchezo wake. Aliandika neno moja la Kiingereza ubaoni, halafu wanafunzi wakaenda kulisaka kwa watu walio makazini. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa hilo la mumewe. Watoto walirudi nalo mikono imejaa. Mmoja alilipata kwa mziba pancha wa njia panda, ambaye presha aliisoma kwenye geji lakini hakuiamini mpaka alipige tairi teke. Mwingine alilitoa jikoni kwa mama yake, aliyekuwa na sufuria la presha na akilipikia akiwa amesimama mlangoni, tayari kukimbia. Wapenda mpira walilisikia redioni, timu yao iko chini ya presha na kipa amechanganyikiwa. Binti mmoja aliyelelewa na shangazi yake karani aliandika kwamba presha ni mkuu wa ofisi akirudi kutoka kwenye mkutano. Mwalimu alimpa alama zote.

Jioni alimsomea mumewe majibu hayo, naye Fundi akatikisa kichwa kwa huruma. Kwake presha ilikuwa moja tu, ile iliyomo ndani ya bomba. Hao wengine wote waliiazima bila kubisha hodi.

Na kwa hiyo moja hakuwa na mzaha. Mafundi wenzake wakishaunga bomba hufukia mtaro haraka haraka, wakachukua chao na kwenda zao. Yeye hapana. Alifunga pampu yake ya mkono, akaweka geji, akasukuma maji mpaka mshale upande, kisha akaipindua ndoo yake nyeusi na kuikalia kando ya mtaro, macho kwenye mshale. Hapo hata umletee habari ya urithi haondoki. Wenye nyumba walinuna, wakamwambia anawapotezea muda. Mmoja alimfukuza kabisa, naye akaihamisha ndoo hadi ng'ambo ya mtaro, akaketi tena. Mshale ukitulia mpaka roho yake iridhike, alifungua pampu, akaipangusa geji kwa kitambaa, akafungasha vifaa. Hapo tu ndipo alipofukia.

Mwalimu alimpendea hilo. Wakati wa uchumba wao alikwenda kumtazama kazini mara moja, akamkuta juu ya ndoo yake, anagombezwa na mwenye nyumba na hajali, akajisemea kwamba mtu anayelinda bomba la watu namna hii hatamwacha yeye njiani.

Kisha kaka mkubwa wa Fundi akafariki. Alikuwa mtu mzima wa afya, asubuhi anajiandaa kwenda kazini, akainama kufunga kamba za kiatu, hakuinuka. Madaktari walisema ni presha, na kwamba huenda alikaa nayo siku nyingi bila kujua. Mwalimu ndiye aliyemvua marehemu kile kiatu cha pili, ambacho kamba zake zilikuwa bado hazijafungwa, na tangu siku hiyo hakuweza kumtazama mumewe akivaa viatu bila moyo kumdunda.

Mazishi yalipokwisha alimshika mumewe mkono kama mtoto wa chekechea, moja kwa moja hadi hospitali. Nesi alimfunga kile kitambaa mkononi, akapima, akakunja uso, akapima tena, akamwita mwenzake naye apime. Walimwuliza amefikaje. Akasema kwa miguu. Wakatazamana. Yeye mwenyewe macho yake yalikuwa kwenye geji. Aliomba aishike, akaigeuza, akamsifu nesi kwa kuitunza vizuri. Mwalimu alitamani kumchapa na mkoba.

Alipewa vidonge, kimoja kila asubuhi, na onyo kali juu ya chumvi. Alitii kuliko mkewe alivyotarajia. Vidonge alivitia kwenye sanduku la vifaa ili avimeze kazini na chai. Siku ya kurudi hospitali mshale ulisimama pale unapotakiwa, nesi akampongeza na kumpa vingine vya miezi kadhaa, na njia nzima ya kurudi nyumbani Fundi alipiga mluzi. Usiku ule Mwalimu alilala fofofo.

Miezi ikapita kwa amani. Asubuhi moja Fundi ametoka na mkoba wake mdogo, koki ya jikoni ikaanza kudondosha. Ndiyo, koki ya nyumbani kwa fundi bomba, mtaa ulikuwa umeshacheka ukachoka. Mwalimu akaamua ataikaza mwenyewe. Akafungua sanduku la vifaa kutafuta ile tepu nyeupe ya kuzuia maji, na chini ya tepu akakuta pakiti za vidonge, zimepangwa safi kama vipuri vipya, hazijafunguliwa hata moja.

Aliketi palepale sakafuni. Hasira ilikuja kwanza, akaipokea kwa mikono miwili kwa sababu ilimpa kitu cha kufanya. Lakini nyuma yake ilikuja hofu, na ndani ya hofu ile kulikuwa na kiatu kisichofungwa kamba.

Fundi aliporudi alizikuta pakiti mezani, na mkewe upande wa pili wa meza. Hakuona haya wala hakujificha, na hilo ndilo lililomchoma zaidi Mwalimu. Alieleza kwa upole, kama anavyowaeleza wenye nyumba, kwamba geji ilisoma vizuri, na nesi mwenyewe ni shahidi. Geji ikisoma vizuri kazi imekwisha, fundi anafungasha. Hizi alizopewa siku ile ameziweka akiba, siku ikipanda tena atazitumia.

Mwalimu alikuwa na maneno ya kutosha katika lugha mbili. Aliyaacha yote. Koki bado inadondosha. Akauliza jambo ambalo halikuonekana kuhusika.

"Ile nyumba ya bondeni. Ile ambayo maji yalikuwa yanavunja koki kila mara. Uliifanyaje?"

"Niliwafungia valvu ya kupunguza presha."

"Na geji ikasoma vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Ukaing'oa valvu, ukaja nayo nyumbani?"

Fundi akacheka. "Niing'oe vipi, Mwalimu? Si ndiyo inayoshikilia..."

Hakumaliza. Kicheko kilimwishia usoni taratibu. Akazitazama pakiti, akaitazama mikono yake, akakaa kwenye kiti kama mtu aliyetoka safari ndefu.

"Niletee maji," alisema. "Nimekuogopesha, mke wangu. Nisamehe."

Kesho yake walikwenda hospitali, presha imepanda kama siku ya kwanza, na nesi alimsema Fundi mpaka wagonjwa wa kwenye benchi wakamwonea huruma. Alianza upya, kidonge kila asubuhi, mezani nyumbani, mbele ya macho. Koki nayo aliitengeneza, ingawa hakuna aliyemwomba.

Asubuhi ya kwanza, Fundi alipokuwa ananyanyua glasi, Mwalimu alitoka nje, akarudi na ile ndoo nyeusi. Akaipindua kando ya kiti cha mumewe, akaikalia, macho kwake. Fundi alimeza. Mwalimu hakuinuka. Fundi alivaa viatu, akafunga kamba za kulia, akafunga za kushoto, akainua kichwa. Mwalimu bado yupo.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Hata hospitali walipompima na kumsifu tena, ndoo haikurudi nje. Siku hiyo Fundi aliona sasa imezidi.

"Mwalimu, nimeshameza. Mshale umetulia, umeuona mwenyewe. Inuka basi."

"Nimeuona," alisema mkewe. "Lakini huu mtaro mimi sifukii."

Fundi, aliyewashinda wenye nyumba wote kwa ubishi, safari hii alishindwa. Akatoka nje, akaleta ndoo ya pili, akaipindua kando ya mkewe, akaikalia.