Gari Moshi Shingoni

Kwetu binti haondoki kwenda kuolewa shingo tupu. Mama yake humvisha mkufu wa shanga asubuhi ile ile, na wanawake wa upande wa mume huutazama mkufu kwanza, uso baadaye. Mkufu wa nyumba yetu ulikuwa wa shanga za kioo, nyekundu na nyeupe. Bibi aliuvaa, mama akauvaa. Vita vilipotukimbiza porini, mama aliufukia chini ya mafiga. Tuliporudi mjini Kindu tulikuta mafiga yamepinduliwa na shimo limebaki wazi. Mama alilijaza shimo udongo kwa mguu, akapanga mafiga upya, akawasha moto.

Dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya, alikuwa amechumbiwa na fundi wa mitumbwi wa ng'ambo ya mto Lualaba. Zilibaki wiki mbili kabla ya harusi. Gari moshi lilikuwa halijaonekana muda mrefu, maduka yamefungwa, na sokoni hapakuwa na ushanga hata wa plastiki. Shangazi wa bwana harusi alikuwa ametuma ujumbe: "Mutatuletea bibi harusi ao mutatuletea mukimbizi?"

"Basi tutazitengeneza," mama akasema.

Katika usichana wake mama alikuwa amefundishwa kuviringisha shanga za karatasi katika darasa la ushonaji. Lakini karatasi nzuri ilikuwa adimu. Yote ilikwisha kufungia chumvi na tumbaku. Iliyobaki nyumbani ilikuwa moja: kalenda ya ukutani ya miaka iliyopita, yenye picha kubwa za gari moshi. Baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, hakutaka iguswe.

"Kalenda ile njo kazi yangu," alisema, yaani ndiyo kazi yake yote.

"Kazi yako iko ukutani? Basi ishuke, itusaidie," mama akajibu.

Baba akaishusha mwenyewe, akaleta rula yake ya chuma na wembe. Alisema kama lazima ikatwe, itakatwa sawasawa. Alikata pembetatu ndefu nyembamba, kitako upana wa kidole gumba, urefu wa mkono toka kiwiko hadi kiganja. Sisi tulianza upande mpana, tukaviringisha kwa kukaza kwenye spoki ya baiskeli, na ncha tukaibandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Ushanga ulitoka umenenepa katikati, na ukiutazama vizuri uliona mstari mweusi wa behewa au wekundu wa injini.

Kosa tulilifanya mwishoni. Nyumbani kwetu kila kitu hutunzwa kwa mawese: panga, bawaba ya mlango, ngozi ya mtoto mchanga. Bila kuuliza, mama alizipaka shanga mawese ili zing'ae na zisiogope maji. Kesho yake zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, ncha zimefunguka, na siafu wamezigundua kabla yetu. Zaidi ya nusu ziliharibika.

"Tuache, mama," yaya akasema. "Nitaenda hivi hivi."

"Utaenda hivi hivi siku miye nitakosa vidole."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na tabia ya kutaka kujua jambo kwa hakika. Niliomba kipande cha nta kwa mwanamke wa Obokote aliyekuwa jirani yetu, aliyekuja na asali yake kutoka msituni. Nilichukua shanga tatu: mmoja mkavu, mmoja wa mawese, mmoja niliouchovya katika nta ya moto na kuutoa upesi. Niliziweka katika bakuli tatu za maji, na kila badiliko nikalichora kwa mkaa ukutani, pale kalenda ilipokuwa. Ule mkavu ulilainika kabla sombe, mboga ya majani ya muhogo iliyokuwa motoni, haijaiva. Wa mawese ulijifungua wote. Wa nta ulikaa hadi jioni, mgumu kama mbegu.

Karatasi ya kalenda haikutosha tena. Nilileta daftari langu, nililoandika nani amerudi mjini, nani bado, nyumba gani imeungua. Baba alinitazama. "Una hakika?" Nilimpa rula. Kabla hajakata kila ukurasa niliusoma mara mbili.

Siku ya kuvuka, mvua ilitukuta katikati ya mto. Ndani ya mtumbwi hakuna aliyeangalia mawimbi. Wote tuliangalia shingo ya yaya. Shanga zilichuruzika maji, zikabaki kama zilivyo. Bandarini shangazi wa bwana harusi alisogea, akashika ushanga mmoja kwa vidole viwili.

"Hii njo nini?"

"Gari moshi," yaya akajibu. "Hamukusikia imefika?"

Yule shangazi aliubonyeza ushanga, akaubonyeza tena. Haukulegea. Ndipo akacheka, akawaita wenzake. "Kujeni muone. Gari moshi iko shingoni ya muntu."

Leo maduka ya wafanyabiashara wa Kivu yana shanga za kioo za kila rangi. Wiki iliyopita yaya alivuka na binti yake, anayeolewa mwezi ujao, akaweka mkufu ule mezani kwangu. Shanga chache zimechanika. Nilimwambia binti tunaweza kununua mpya.

"Za duka kila muntu anazo, mama mudogo," akasema. "Miye nataka zinazovuka mto."

Basi tumekaa uani kwangu. Rula ya baba iko mkononi mwangu, naye baba hayupo tena. Tumekata kalenda ya mwaka uliopita na kurasa za daftari langu jipya. Binti amenyoosha mkono kuchukua chupa ya mawese. Mama yake na mimi tumeiwahi pamoja. Nta imeyeyuka. Ushanga wa kwanza tumeuchovya, umepoa, uko ndani ya bakuli la maji. Sombe iko motoni. Ikiiva na ushanga ungali mgumu, tutaviringisha zilizobaki.