Funda la Kwanza

Sijawahi kuwa nyota wa filamu. Mimi ni yule anayeingia dakika chache, anatia sumu, anatoka. Uso mwembamba na macho yaliyozama vimenipa kazi hiyo tangu nilipoanza na kikundi cha maigizo cha Ujiji, tulipokuwa tukienda kwa boti hadi Kagunga kufundisha watu kunawa mikono. Hata kule niliigiza kipindupindu.

Sikusomea uigizaji. Nilijifunza kwa simu na kioo, na kwa hofu ya kukosea. Kwa hiyo nilipopewa nafasi ya mjomba muuaji katika filamu iliyopigwa Bangwe, nilimbana mwongozaji, ambaye hakuwa mtu wa huku. Alitaka nimkabidhi mgeni kikombe moja kwa moja. Nikamwambia hakuna atakayekipokea. Kwetu Waha, anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako. Funda hilo ndilo kiapo chake.

"Sasa utamuuaje bila kufa wewe?"

"Nitaonja bila kumeza."

Nilifanya mazoezi hadi nikaota kikombe. Nilitaka koo lipande na kushuka, midomo ilowe, pumzi itoke kama ya mtu aliyekata kiu, na tone lisipite. Nilipoweza, nilijiona fundi.

Filamu ilipofika kibanda umiza, banda la video la mtaani kwetu, watu walipiga kelele nami nikazipokea kama makofi. Kesho yake nilimpa jirani chai. Nikaonja. Akalitazama koo langu, akasema amefunga. Haikuwa Ramadhani, wala Jumatatu, wala Alhamisi. Vijana wa mwaloni, wanaoshusha samaki, wakawa wananiita, "Oya, mjomba! Leo zamu ya nani?" Nilicheka nao, lakini nilianza kumshuku kila aliyekataa maji yangu: hana kiu, au ananiogopa?

Ndipo mama wa mchumba wangu akaja na binti yake kutoka Kidahwe kuniona. Baba mtu alishafariki. Mama akikataa, hakuna ndoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akachagua kiti cha karibu na mlango.

Nikamimina juisi ya ndizi, nikaonja. Nilijitahidi kumeza kama mtu wa kawaida, na hapo nikagundua kwamba sijui tena mtu wa kawaida humezaje. Koo likapanda, likashuka, pumzi ikatoka. Vilevile kabisa.

"Hivyo hivyo ndivyo ulivyomfanyia yule marehemu wa filamu niliyoonyeshwa kwenye simu," akasema.

"Mama, nimemeza."

"Hata yeye alidhani umemeza. Fungua mdomo."

Nikafungua.

"Mama, jamani!" mchumba wangu akalalamika.

"Nyamaza. Wewe ndiye utakayekula kwake kila siku." Akanigeukia. "Rudia, baba. Funda kubwa."

Nikavuta funda kubwa huku nikiwaza koo, nikiwaza midomo, nikiwaza yale macho yake. Nikapaliwa. Juisi ikatoka puani, ikamwagikia shati nililolipiga pasi tangu alfajiri. Nikakohoa kama mbuzi, machozi yakinitiririka. Mama akainuka, akanigonga mgongoni, taratibu kwanza, kama anayejaribu ubao kama umeoza. Kisha kwa nguvu, akicheka.

"Kama na hili ni igizo," akasema, "basi nimeshindwa."

Akakitoa kikombe mkononi mwangu, akanywa. Alipokiweka chini akajifuta midomo kwa ncha ya kitenge. "Wazee wako waje."

Wakaenda, tukaoana. Kila akija kututembelea bado nampa juisi, bado naonja, na bado analitazama koo langu.

Nimejaribu mara nyingi mbele ya kioo kupaliwa vile. Sijaweza, na hilo hunituliza. Mke wangu hajui kwamba najaribu.