Dakika Tano za Kupoza Turbo

Dereva wangu yeyote aliyezima lori la turbo ghafla nilimfukuza siku hiyohiyo. Sikutaka maelezo. Ukitoka safari na mzigo, ukifika huzimi. Unaiacha injini iungurume polepole dakika tano, turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ipoe, ndipo unageuza ufunguo. Baba alinifundisha hivyo, na yeye alijifunza baada ya kuua turbo mbili. Nyumbani kwetu Maisaka hata wake za madereva walijua kwamba lori likiingia uani, chai inaweza kumiminwa kwanza.

Ndege niliinunua miaka ile Manyara ilipokuwa mkoa mpya na Babati imejaa maofisa wanaotafuta nyumba za kupanga. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya biashara: mifugo ya Simanjiro, mahindi ya Kiteto, barabara zinazokatika kila masika. Nisiseme uongo, niliitaka tu. Niliuza malori matatu na sikumuuliza mtu.

Aliyeniuzia alikuwa mkulima mzee wa Kizungu huko Karatu ambaye macho yalishaanza kumtupa. Ilikuwa na injini moja, pangaboi moja mbele, viti sita. Alinieleza kwamba mahali petu pako juu, hewa ni nyepesi, na ndege ya kawaida jua la saa sita hupanda kwa kujivuta, ila hii ina turbo ya kuisaidia kupumua. Aliposema turbo nikatulia. Mengine yote niliyaandika kwenye daftari: matairi, betri, mafuta ya breki. La turbo sikuliandika, maana hilo nalijua. Alinipa na kitabu chake, kinene, cha Kiingereza. Nikakiweka nyuma ya kiti na hakikutoka tena hapo.

Nilisomea urubani Nairobi, nikarudi na leseni na mashati mawili meupe. Kumiliki ndege Babati kuna mambo yake. Haili petroli ya magari, kwa hiyo mafuta yake nilikuwa nayafuata Arusha kwa mapipa. Uwanja wetu ulikuwa wa majani, na kabla ya kutua ilibidi upite chini mara moja kufukuza ng'ombe. Ijumaa baada ya swala watu walikuja hata kutoka Nangara kuitazama imefunikwa turubai. Wakaniita Mzee wa Ndege. Mke wangu alisema nimenunua kitu cha kuanikwa juani.

Nilikuwa na amri mbili. Ya kwanza, pangaboi likizunguka hakuna kiumbe anayesogea, awe mkuu wa wilaya au nani. Ya pili mnaijua. Nikishatua na kusimama, nilikaa ndani nikitazama saa, dakika tano kamili, injini ikiunguruma. Watu kwenye uzio walicheka wakisema Mzee anaiaga ndege yake. Sikujali, mazoea ni mazoea.

Mama yangu hakuwahi kuipanda. Alisema yeye na ndege wataonana siku ya kwenda Maka, si kabla, na mimi nilimwahidi hiyo Maka kila mwaka. Alikwenda Kiteto kwa lori kumwona mdogo wake, akakaa wiki mbili, na huko kifua kikambana. Dada yangu, aliyefuatana naye, alipiga simu alfajiri. Alisema mama hawezi kulala chali, anapumua akiwa amekaa, na zahanati ya pale haina cha kumfanyia. Mvua ilikuwa imeikata barabara siku tatu.

Nikaenda. Nilipotua kule, turbo niliipoza dakika tano kama kawaida, na wakati huo wao walikuwa bado njiani, haikudhuru kitu. Tulimpandisha mama kiti cha nyuma, dada akamkumbatia. Alikuwa mwepesi. Alinitazama akasema hii si Maka, na nadhani alikuwa ananitania.

Safari ilichukua chini ya saa moja. Nilikuwa nimeshaomba gari la hospitali lisubiri uwanjani, na nilipovuka ziwa la Babati nililiona, jeupe, pembeni ya majani, na nesi amesimama na mtungi wa hewa. Ng'ombe walikuwa wameshafukuzwa. Nilitua vizuri, pengine vizuri kuliko siku zote. Nikaipeleka ndege polepole mpaka karibu na gari, nikasimama, nikatazama saa.

Nesi alitaka kuja. Nikampungia mkono kwa ukali arudi nyuma, akarudi. Dereva wake ni mtu wa mjini, alinifahamu, nilimwona akimweleza kwamba Mzee lazima aipoze kwanza.

"Kaka," dada akasema, "mama anauliza kama tumefika."

"Mwambie tumefika. Naipoza kidogo tu."

Mama akasema, kwa sauti niliyoisikia vizuri licha ya injini, "Haya baba, ipoze."

Dakika ya tano ilipotimia nikazima. Pangaboi likasimama, nesi akaja mbio na mtungi wake, akapanda, akamshika mama shingoni, halafu kifundo cha mkono, halafu shingoni tena. Mtungi hakuufungua.

Daktari aliniambia moyo ulikuwa umechoka, dakika tano zisingebadilisha kitu. Labda alisema kweli, labda alinihurumia. Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri. Sikulia. Nilitafuta kilio kama mtu anayetafuta miwani, nikajua kimo humo ndani mahali fulani, nikachoka kukitafuta. Watu walinipa pole, nikaitikia. Nilikula nilipoletewa chakula. Nilijiambia kwamba nilifanya linalotakiwa, kwamba turbo ikifa angani tunakufa wote, na hilo likanitosha miezi kadhaa.

Kisha muda wa ukaguzi ukafika, nikaipeleka ndege Arusha. Fundi alikuwa kijana mpole mwenye mikono safi kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Aliifungua turbo, akaimulika, akaisifu, akaniuliza nikishatua naiacha ikiunguruma kwa muda gani. Nikamwambia dakika tano, kwa fahari kidogo.

Akacheka. "Mzee, unaipoza kama lori?"

Akanieleza bila haraka. Lori linafika likiwa bado linavuta mzigo, turbo imewaka moto, ndiyo maana linasubiri. Ndege inafika ikishuka. Robo saa nzima umepunguza nguvu ya injini, upepo wote unapita kwenye injini, kisha unatembea polepole uwanjani. Ukishasimama, turbo imekwisha kupoa huko nyuma, zamani. Akatoa kile kitabu nyuma ya kiti, akapangusa vumbi, akanionyesha ukurasa. Ulikuwa na mistari minne. Nikaisoma yote, nikamshukuru, nikamuuliza choo kiko wapi.

Dada sijamwambia. Anadhani hadi leo kwamba tulisubiri kwa sababu ilibidi.

Niliiuza mwaka uleule, kwa mwenye kambi ya watalii kutoka upande wa Tarangire. Alikuja Babati kuichukua, mtu mchangamfu, na yeye alikuwa ameanza na malori. Nilimpa funguo, turubai, mapipa mawili yaliyobaki, na kitabu nikakiweka mkononi mwake mwenyewe. Alipokwisha kufunga mkanda akaniuliza, kwa kuwa hii ina turbo, kuna la kuangalia?

"Ukifika," nikamwambia, "zima."