Mama wa Mwiki kwa Kasa wa Barbados

Njeri, mwanangu wa kwanza, ni nesi Barbados, kisiwa kidogo huko Karibea, na kwa miaka minne tulionana kwa simu tu. Mwaka jana akaniambia amenikatia tiketi ya siku chache. "Mum, tutaingia baharini pamoja tuone kasa." Nikiwa na miaka tisa, mto Chania ulinibeba nikichota maji. Mama mmoja aliyekuwa akifua nguo ndiye aliyenidaka kwa gauni. Tangu siku hiyo sikutaka maji yanayopita magoti, na Njeri akiwa darasa la sita nilimchapa kwa kwenda kuogelea na wenzake. Akajifunza kwa siri. Nilijua kwamba nikikataa safari hii, hataniomba tena.

Thika, miezi miwili kabla ya safari, nilijiandikisha kwenye bwawa la kuogelea. Kocha Akinyi ni mwanamke wa rika langu. Siku ya kwanza nilishika ukingo nikalia. "Dada, usipigane na maji," aliniambia. "Weka uso ndani, puliza, inuka." Mume wangu alinitania: "Mama Njeri, ukizama usinipigie simu." Lakini wiki ya tano nilipoelea peke yangu, alisimama pembeni akipiga makofi mpaka watu wakageuka kumtazama.

Ijumaa alfajiri mimi na mume wangu tulitoka nyumbani Mwiki kuelekea uwanja wa ndege, begi langu limejaa majani chai na kikoi kipya. Nilibadilisha ndege mara mbili. Saa nyingi chini kulikuwa na bahari tu, nami nikafunga kidirisha.

Barbados nilipokelewa na joto, kisha na kelele za Njeri: "Mum! Ngai, Mungu wangu, umekuja kweli!" Alinikumbatia hadi miwani yangu ikaanguka.

Jumapili asubuhi tulipanda mashua ya Bi Marva, nahodha mwenye mvi na sauti nzito. Alinivalisha jaketi ya kuelea, miwani ya maji na mrija wa kupumulia.

"Unatoka Kenya?" aliuliza. "Kwenu kuna simba, na wewe unaogopa kasa?"

"Simba hawakai Mwiki," nikamjibu. Akacheka sana.

Njeri alitangulia majini, nami nikashuka ngazi. Wimbi dogo likanipiga, maji ya chumvi yakaingia mrijani, nikameza. Nikamng'ang'ania Njeri shingoni.

"Turudi tu, Mum," akasema polepole. "Si lazima."

Nilimtazama usoni. Hakukasirika. Alikuwa amezoea kukataliwa nami, na hilo likaniuma kuliko chumvi.

"Hapana. Ngoja kidogo."

Nikatema, nikapuliza mrija, nikamshika Njeri mkono, nikaweka uso majini.

Chini yangu kulikuwa na mchanga mweupe, matumbawe na samaki wa manjano wakipita kama watoto wanaotoka shule. Halafu kasa akaja, mpana kama sinia la harusi, akipiga maji taratibu bila haraka yoyote. Alipita karibu kiasi kwamba niliona mikunjo ya shingo yake. Nikasikia pumzi yangu ikiingia na kutoka. Nikauachia mkono wa Njeri, nikamfuata yule kasa kwa miguu yangu mwenyewe mpaka akazama kwenye maji ya bluu.

Nilipoinua kichwa nilipiga kelele za ushindi, na Bi Marva akanijibu kwa honi ya mashua.

Tukiwa tumekaa na taulo mabegani, nikamwambia Njeri habari za Chania. Hakuwahi kuzisikia.

"Kumbe ni hiyo?" akauliza, machozi yakimtoka. "Mimi nilidhani hutaki tu nifurahi."

"Nilikuchapa kwa woga wangu, mwanangu. Nisamehe."

Akaniegemea. Alasiri hiyo tuliingia majini tena, mara mbili.

Jumatano nilirudi Mwiki nikiwa nimeungua pua. Wanawake wenzangu kanisani wanauliza nilichoona, nami nawaeleza habari za kasa hadi wachoke. Lakini kwa wenye watoto naongeza moja. Woga usiomweleza mtoto, yeye huuona kama ukali, na anaweza kuubeba miaka mingi akidhani humpendi. Mwambie mapema, hata kama sauti itatetemeka.