Zuzu kwa Kuzaliwa

Nimezaliwa Zuzu. Nalisema mapema kwa sababu nimechoka kulisubiri swali. Zuzu ni kata yetu, upande wa magharibi wa mji wa Dodoma. Reli inapita, mtama unalimwa, na watu wana akili zao timamu. Ila Kiswahili kilipofika kwetu kilikuta jina lipo tayari, nacho kikawa na neno hilohilo kwa maana ya mjinga, mtu wa kudanganywa mchana kweupe. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kubadilisha. Tungekataa, tena kwa kelele.

Sekondari nilipangiwa mkoa wa mbali. Siku ya kwanza mwalimu wa zamu akaniuliza natoka wapi.

“Zuzu, mwalimu.”

“Sijakuuliza tabia,” akasema, na bweni zima likapata jina la kuniita kwa miaka minne.

Wala si sisi peke yetu. Iko Nala, iko Mpunguzi, iko Chali kule Bahi. Serikali ilipohamia Dodoma, ofisini kwetu walikuja wenzetu kutoka kila pembe ya nchi, na mmoja wao alikuwa dada wa Tanga mwenye huruma kupita kiasi. Siku moja nilimwandikia ujumbe kwamba kesho sitakuwepo kazini, nakwenda kumwona shangazi, yuko Chali. Kufika jioni nusu ya idara walikuwa wameshanitumia salamu za pole, na mmoja aliuliza kama shangazi anatambua watu. Shangazi mwenyewe alikuwa shambani anang'oa karanga.

Hapo nilicheka. Kwa Zuzu sikuwa nacheka. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu, na nikagundua dawa: nikiulizwa kwetu, nasema Dodoma mjini. Hata binti niliyempenda, mhasibu wa ofisi ya jirani, nilimdanganya hivyohivyo mpaka siku aliposhika kitambulisho changu. Alicheka akakaa chini kwenye ngazi za ofisi. Kisha akafuta machozi akasema, “Sasa unanificha nini, jina zuri namna hii?” Nikajua huyu ndiye nitakayemuoa, nikikubaliwa.

Kukubaliwa ndiko kulikonikosesha raha. Baba yake alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili huko Kibakwe, kwenye vilima vya Mpwapwa, na mchumba wangu aliniambia kwamba mzee aliwahi kuirudisha posa iliyoletwa kwa dada yake mkubwa kwa sababu barua ilikuwa na makosa ya ngeli. Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Kwetu barua ya posa aliiandika baba mdogo, na kwa desturi mwenye kuposa haoneshwi. Baba mdogo ameishi kwa kuchora mabango: GENGE, KINYOZI, USIKOJOE HAPA. Kwake yeye herufi kubwa ndiyo heshima, na herufi ndogo ni za watoto wa shule. Akaandika barua yote kwa herufi kubwa, mwanzo hadi mwisho, kwa kalamu nene. Ikafungwa kwenye kitambaa cheupe, ikapelekwa.

Jibu lilikuja kwa simu baada ya siku nne. Mwalimu alisema maneno machache: tuje, na kijana mwenyewe aje, anataka kumwona kwa macho. Baba mdogo akafurahi. Mimi usingizi ulinipaa, kwa sababu kijana haitwi hivihivi.

Tulifika Kibakwe saa nne asubuhi, mimi na baba mdogo, mashati yamepigwa pasi mpaka yanatukwaruza. Tukaamkia, tukakaribishwa, tukaletewa chai na magimbi. Mwalimu alikuwa mtu mwembamba, miwani puani, kalamu nyekundu mfukoni kana kwamba kengele italia wakati wowote. Alisubiri nimalize kikombe, akanipa ile barua.

“Soma, kijana. Kwa sauti.”

Ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza. Nikasimama, nikasoma:

“KIJANA WETU NI ZUZU KWA KUZALIWA NA KWA MALEZI. BABA YAKE NI ZUZU, NA MAMA YAKE PIA NI ZUZU. UKOO WETU WOTE NI ZUZU TANGU ENZI ZA MABABU, NA HATUNA MPANGO WA KUHAMA. BINTI YENU AKIFIKA KWETU TUTAMTUNZA, NA BAADA YA MUDA MFUPI NAYE ATAKUWA ZUZU KAMILI.”

Jikoni sufuria ilianguka. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, ameridhika na maandishi yake.

“Nina mabinti wanne,” mwalimu akasema. “Barua za posa nimezisoma. Kila kijana ni msomi, kila kijana ni mchapakazi, anamcha Mungu, pombe haijui. Hii ni barua ya kwanza katika maisha yangu kusema ukweli. Nikasema watu hawa lazima niwaone.”

Baba mdogo ndipo akashtuka. Akavua kofia.

“Samahani, mwalimu. Zuzu ni kata.”

“Kata?”

“Kata. Ina shule na zahanati. Ukitoka Dodoma mjini si mbali.”

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Akanigeukia mimi.

“Kwa hiyo wewe si zuzu.”

Ilikuwa rahisi kujiokoa. Mwaka mzima nilikuwa na jibu langu la Dodoma mjini, na safari hii ningeweza hata kulitolea ushahidi, maana nyumba niliyopanga iko mjini kweli. Lakini baba mdogo alikuwa ameketi pale na kofia magotini, ameaibika kwa ajili yangu, mtu aliyejivunia kwetu kwa herufi kubwa kurasa mbili nzima. Hasira yangu ya miaka yote nikaiona ya kijinga.

“Mimi ni wa Zuzu, mwalimu,” nikasema. “Nimezaliwa huko, wazazi wangu wako huko, na nikipewa binti yenu nitajenga hukohuko.”

Mwalimu alichomoa kalamu nyekundu, akaiweka barua juu ya goti, akaanza kusahihisha. Alikata herufi moja baada ya nyingine, akaandika ndogo juu yake, na kila alipofika kwenye Zuzu aliiacha ile Z ya kwanza kubwa. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko chai. Baba mdogo alikuwa ananyoosha shingo kuona anapata alama ngapi.

Mwisho mwalimu akafunika kalamu.

“Sasa tusikilizane. Majirani zangu hapa wana maneno. Sentensi ni hii: Binti yangu anaolewa Zuzu. Hiyo ni sahihi. Binti yangu anaolewa na zuzu, hiyo si sahihi. Hilo neno ‘na’ nisilisikie hapo katikati, si kwenye kadi, si kwa mshereheshaji. Nitasimama mbele ya watu nisahihishe.”

“Ndiyo, mwalimu,” baba mdogo akaitikia, amenyooka kitini kama yuko darasa la tatu.

Na mimi nikaitikia, nikarudia sentensi ile kwa utaratibu ili asione nina haraka, kisha nikaketi kusubiri jibu la posa. Mama mkwe alikuwa ameshatoka jikoni anapiga vigelegele, mchumba wangu nyuma yake ameziba uso kwa khanga, anacheka na kulia, baba mdogo ananishika mkono ananitikisa. Nyumba nzima nilikuwa wa mwisho kuelewa kwamba nimekubaliwa.