Mshipa wa Baba

Nilipokuwa mtoto huku Kibingo, mwanamume akitokwa na mshipa wa ngiri kinenani aliufunga kitambaa, akanywa dawa ya mizizi, akaendelea kulima. Kisu hakikutajwa. Bibi, mama yake baba, alisema mshipa ukionyeshwa chuma hupanda moyoni, na hapo kazi imekwisha.

Ushahidi alikuwa nao. Kila aliyebebwa kwa engozi, yale machela yetu ya kusukwa, kwenda kukatwa hospitali ya misheni, alirudi amefunikwa uso. Bibi aliwataja kwa majina huku anamenya ndizi. Ungembishia nini?

Baba aliishi na mshipa wake miaka mingi. Ukitoka anaurudisha kwa kidole, kama mtu anayesukuma kuku bandani. Mama akisema waende hospitali, anajibu, "Tungoje kahawa iuzwe." Kahawa ikiuzwa, anangoja ya mwaka ujao.

Siku moja alikuwa anakanyaga ndizi za rubisi, pombe yetu, mshipa ukatoka ukagoma kurudi. Akalala palepale kwenye nyasi zilizolowa juisi, anagugumia. Mama akataka watu wa engozi waitwe. Bibi akakaa mlangoni, miguu kainyoosha.

"Unataka wakamuue mwanangu?"

"Mama, anakufa hapa."

"Akifa hapa, amefia kwao."

Hakuondoka mlangoni mpaka baba alipoanza kutapika kitu chenye harufu ya choo. Ndipo akakunja miguu. Walimbeba, akakatwa, akafa. Bibi akasema, "Niliwaambia," na kweli alituambia.

Mama alirudi na neno moja la daktari, akalisema jikoni tu, Bibi asisikie: "Huyu mngemleta akitembea."

Nimezeeka na neno hilo. Juzijuzi mwanangu Deo akaanza kutembea kashika kinena, akidhani mimi kipofu. Nikambana.

"Mama, tungoje kahawa."

"Kahawa itaiva hata ukiwa kaburini."

Nikauza ndama. Asiye na ndama anafanyaje, hilo waulizwe wakubwa. Wanaume wa engozi wakasikia, wakaja nayo mabegani kwa wema wao. Nikawauliza wamefuata maiti ya nani. Deo akapanda bodaboda, akaenda.

Bibi hakuwa mwongo. Alisema alichokiona. Ila hapa kwetu hakuna aliyewahi kumwona mtu akienda kukatwa angali na nguvu zake, kwa hiyo kisu kikabebeshwa lawama za siku zote tulizokaa tukingoja.

Siku ya kurudi nilimsubiri njia panda. Akafika analalamika: barabara mbovu, pikipiki inamrusha, kidonda kinavuta.

"Basi shuka," nikamwambia. "Utembee polepole mpaka nyumbani."

"Mama! Na pikipiki hii hapa?"

"Shuka, Deo. Watu wakuone."